Sura ya Tano: Wenye Darasa Waulizwe

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliiachia dunia programu yake ya akili unde, ChatGPT, bila malipo. Krismasi ilipofika, wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wameshaijua na wameshaitumia. Vyuo vyenyewe viliamka Januari. Chuo cha Sciences Po cha Paris kikaipiga marufuku mwezi huohuo. Chuo Kikuu cha Hong Kong kikafuata Februari, kwa amri iliyosemwa kuwa ni ya muda. Vyuo vikubwa vya Australia vikatangaza kwamba mitihani ya kalamu na karatasi inarudi. Katika haraka ile waliotoa nyaraka walikuwa makamu wakuu wa vyuo, kamati za nidhamu na wakuu wa idara za teknolojia, na ndani ya nyaraka zao mwanafunzi alitajwa kama mshukiwa. Mara chache sana alitajwa kama mtu wa kuulizwa.

Kosa hilo lingali linarudiwa, na Afrika Mashariki ndiyo kwanza linapiga hodi. Miongozo inaandikwa. Umoja wa Afrika uliidhinisha mkakati wa bara zima wa akili unde Julai 2024, na Kenya ikazindua mkakati wake wa kitaifa wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Karatasi hizo zikiteremka ngazi kwa ngazi, mwisho zitaifikia idara, na idara italazimika kuamua jambo dogo lisilo na fahari yoyote: mwanafunzi wa mwaka wa pili akipewa asaimenti Jumatatu, aruhusiwe kufanya nini na programu hizi, na akatazwe nini? Ninachodai katika sura hii ni kwamba swali hilo halitapata jibu linalofanya kazi mpaka mwanafunzi awe mezani linapojibiwa. Awepo mapema, kabla rasimu haijaandikwa, na awe na uwezo wa kuibadilisha.

Haki ya kuulizwa anayo, na nitaifikia. Tuanze na ujuzi. Mhadhiri huiona kazi ikiwa imeshachapwa steshenari na kubanwa pini. Mkuu wa idara huona jedwali la alama. Seneti huona ripoti. Mwanafunzi ndiye aliyekuwepo kazi ikifanyika. Alikuwepo usiku wa manane, bando la usiku lilipoanza kusoma, akaipiga picha karatasi ya asaimenti kwa simu na kuipakia. Jibu la kwanza likaja refu mno, akaomba lifupishwe. Akaona msamiati ambao mhadhiri wake asingeamini kuwa ni wake, akaomba urahisishwe. Akalituma kwenye grupu la WhatsApp, wenzake wakalichukua, kila mmoja akabadilisha sentensi mbili tatu. Au pengine hakufanya hayo hata kidogo. Pengine alikuwa na makala ya kurasa thelathini za Kiingereza kigumu, ameisoma mara mbili bila kuielewa, akaomba aelezwe aya moja tu kwa Kiswahili, kisha akarudi kuisoma mwenyewe mpaka mwisho. Mezani kwa mhadhiri kazi hizi mbili zinaweza kufanana. Lakini mmoja amekwepa kusoma, na mwingine amesoma. Anayeweza kutueleza tofauti ni yule aliyeifanya, na hatatueleza kamwe kama jibu lake litampeleka kamati ya nidhamu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wakubwa wa vyuo wengi wetu hatujakilalia hiki.

Uingereza walau wamejaribu kuuliza. Taasisi ya sera za elimu ya juu iitwayo HEPI ilitoa Februari 2025 matokeo ya kuwahoji wanafunzi 1,041 wa shahada ya kwanza. Asilimia 92 walisema wanatumia akili unde kwa namna moja au nyingine. Mwaka mmoja kabla walikuwa 66. Wanaoitumia katika kazi za kusahihishwa walipanda kutoka asilimia 53 hadi 88. Msomaji akiishia hapo atasema vyuo vimekwisha. Ukiendelea kusoma unakuta mambo mengine. Waliosema kwamba wanaingiza maandishi ya mashine moja kwa moja katika kazi zao ni asilimia 18. Matumizi yaliyotajwa zaidi ni kuelezwa dhana, kufupishiwa makala, kupendekezewa mawazo ya utafiti. Walipoulizwa kinachowazuia, asilimia 53 walitaja hofu ya kutuhumiwa udanganyifu, na 51 wakataja majibu ya uongo. Waliosema chuo chao kimewasaidia kujifunza kuitumia vizuri walikuwa asilimia 36 tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba ya kusikitisha kuliko zote: vijana wamekabidhiwa kifaa kipya pamoja na vitisho, na mwalimu hayupo.

Tazama sasa kinachotokea sheria ikitungwa bila wao. Aprili 2023 kampuni ya Turnitin, ambayo vyuo vingi duniani huitumia kukamata wizi wa maandishi, iliongeza kipimo cha kubaini maandishi ya akili unde. Vyuo vingi vikakipokea kama dawa. Lakini vipimo vya aina hii kwa jumla haviwezi kuona nani kaandika. Vingi hutazama jinsi maneno yanavyotabirika. Programu inayotunga maandishi hufanya kazi kwa kukisia neno linalofuata, basi maandishi yake huelekea kuwa laini, kila neno likiangukia pale linapotarajiwa. Kipimo kikiona ulaini huo hushuku mashine. Kikiona neno la ajabu au sentensi iliyopinda pasipotarajiwa, husema huyu ni binadamu.

Mfikirie sasa kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, huko Tandahimba au Kwimba, Tanzania. Kiingereza amekutana nacho kama lugha ya kusomea alipoingia kidato cha kwanza. Akifika chuo anaandika kwa tahadhari. Anatumia maneno aliyoyahakikisha na viunganishi alivyofundishwa, sentensi fupi ambazo hazitamwangusha. Kila kitu anachokifanya ili asikosee ndicho kipimo kinachokihesabu kuwa dalili ya mashine.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilijaribu jambo hili. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo ziliambiwa ni za mashine. Insha 89 kati ya 91 zilishukiwa na angalau kipimo kimoja. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani, zilizopitishwa kwenye vipimo hivyohivyo, karibu zote zilitambuliwa kuwa za binadamu. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo kila mhadhiri wa Dar es Salaam na Nairobi angepaswa kulijua. Waliiagiza ChatGPT izipambe insha zile za TOEFL kwa msamiati wa mzungumzaji mzawa wa Kiingereza. Kiwango cha kushukiwa kikaporomoka kutoka asilimia 61 hadi karibu 12. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyeandika mwenyewe alionekana mwizi, na alipoikabidhi kazi yake kwa mashine akaonekana msafi.

Mwanafunzi aliyewahi kuiona kazi yake ya jasho ikirudishwa na alama nyekundu angekuambia hivyo bila utafiti. Hakuulizwa. OpenAI yenyewe iliondoa kipimo chake Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi. Kilikuwa kinatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya akili unde. Agosti mwaka huo Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kipimo cha Turnitin baada ya kupiga hesabu: mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000, kwa hiyo hata kosa la asilimia moja lingetia hatiani kazi 750 zisizo na kosa. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Cape Town kiliamua kuacha kutumia kipimo hicho kuanzia Oktoba 2025. Kabla ya hapo, Mei 2023, katika chuo kimoja cha Texas, mwalimu alikuwa amezibandika kazi za darasa lake kwenye ChatGPT na kuiuliza kama ndiyo iliyoziandika. Ikajibu ndiyo. Wanafunzi waliokuwa wanasubiri kuhitimu wakazuiliwa vyeti kwa muda. Programu ile haikumbuki ilichomwandikia mtu mwingine. Inakisia maneno tu, hata inapoulizwa kuhusu nafsi yake. Kijana mmoja wa darasa lile angepewa dakika tano za kusema kabla, aibu hiyo isingetokea.

Afrika Mashariki tuna somo letu wenyewe ambalo vyuo vya nje vingelitafuta kwa tochi. Kwa miaka mingi kabla ya ChatGPT, wahitimu wa vyuo vikuu vya Kenya waliishi kwa kuandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewachunguza waandishi hao wa kivuli, na filamu kuhusu kazi hiyo ilitoka mwaka 2024. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuzipiga marufuku biashara za kuuza insha. Ninawataja waandishi hao kwa sababu wanatufundisha kwamba kazi inayoweza kufanywa na mgeni asiyewahi kukanyaga darasa lako ilikuwa na tatizo kabla mashine haijaja. Kijana wa Nairobi aliweza kuandika insha ya uuguzi ya chuo cha Manchester kwa sababu swali halikuhitaji kuwa umewahi kuingia wodini. Mashine imeingia kwenye mwanya uleule, kwa bei nafuu zaidi. Kuuziba mwanya huo ni kazi ya kubadilisha maswali, na anayejua ni maswali yapi hujibika bila kusoma ni mwanafunzi, tena anayajua kwa orodha. Madesa, yale majibu ya kunakili yanayopita mkono kwa mkono, hayakuanza jana.

Nilisema nitafika kwenye haki. Vyuo vyetu havianzi patupu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa miaka ya sitini na sabini walijiona ni sehemu ya kuamua chuo kifundishe nini. Kuanzia Novemba 1969 walichapisha jarida la Cheche, likadumu mwaka mmoja kabla ya kupigwa marufuku, na toleo lake maalumu la 1970, andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kimya ya kitabaka, lilichapishwa tena baadaye kama kitabu. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia waraka wa wazi makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, akilalamikia namna maamuzi yanavyofanywa. Akafukuzwa, na askari wenye silaha wakaja kumchukua chuoni. Wenzake wakasusia masomo, na mjadala wa demokrasia ya chuo ukawaingia hata wahadhiri. Leo uwakilishi wa wanafunzi katika vyombo vya chuo umo katika sheria na hati za vyuo. Wapo waliolipa ili uwemo.

Lakini kiti cha Baraza la Chuo hakitoshi kwa jambo hili. Kiongozi wa DARUSO, jumuiya ya wanafunzi wa Mlimani, akienda kwenye kikao anabeba bum la mkopo lililochelewa, maji yaliyokatika hosteli, wenzake walioshindwa kulipa ada wakazuiliwa kufanya mtihani. Hayo ni mambo ya kweli na hayasubiri. Akili unde inaamuliwa chini zaidi, kozi kwa kozi, kwa kuwa ruhusa inayofaa somo la programu za kompyuta si ruhusa inayofaa fasihi, na inayofaa fasihi ni hatari famasia. Kule chini yupo mtu ambaye vyuo vingi vinamtumia kubeba karatasi za mahudhurio na kutangaza kwamba kipindi kimehamishiwa madarasa ya Yombo: kiongozi wa darasa, yule anayeitwa CR. Anawajua wote kwa majina. Anajua nani ana kompyuta na nani anaandikia asaimenti kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ningeanza naye.

Mfano ulio karibu na ninachokisema upo Sydney. Mwaka 2023, wakati wengine wanaandika makatazo, Chuo Kikuu cha Sydney kiliwaweka wanafunzi na wahadhiri pamoja kutengeneza mwongozo wa kutumia akili unde katika masomo, na kikauacha wazi usomwe na yeyote. Wanafunzi walioshiriki waliitwa washirika, na mifano iliyomo ndani inaonyesha kwamba imetoka kwa watu wanaosoma kweli: namna ya kuomba ujaribiwe kabla ya mtihani, namna ya kuibishia programu, mahali inapopotosha. Baadaye chuo hicho kikagawa upimaji njia mbili. Kuna upimaji uliolindwa, unaofanywa mbele ya mtu, ambapo mwanafunzi anathibitisha anachokijua akiwa peke yake. Kuna upimaji ulio wazi, ambapo akili unde inaruhusiwa na mwanafunzi anafundishwa kuitumia. Napenda ukweli wa mpango huo: hauigizi kwamba unaweza kukataza usichokiona. Kwetu kuna ugumu wake. Upimaji wa ana kwa ana unataka watu na saa, na mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kumhoji kila mmoja. Ndiyo maana sioni busara ya kuuchukua ulivyo. Cha kuchukua ni namna walivyoufikia, wakiwa na wanafunzi chumbani.

Nieleze kwa karibu kikao kimoja kinavyoweza kwenda, maana maneno kama kushirikisha wadau yamechoka hadi hayasemi kitu. Tuchukue kozi ya historia ya Tanzania, mwaka wa pili. Wiki ya kwanza mhadhiri anakuja na swali la mwaka jana: jadili sababu za kushindwa kwa vijiji vya Ujamaa. Analiandika kwenye programu mbele ya darasa, jibu linatokea ukutani kwa projekta. Ni jibu safi. Lina utangulizi, sababu tano, hitimisho na marejeo sita. Anawauliza: lingepata alama ngapi? Darasa linasema B+, na mhadhiri akiwa mkweli atakubali. Hapo anawagawa. Kundi moja linachukua yale marejeo sita na kwenda nayo maktaba. Si ajabu wakarudi na habari kwamba mawili hayapo duniani: mwandishi yupo, jarida lipo, lakini makala haikuandikwa kamwe. Kundi la pili linasoma hoja. Wanakuta kwamba Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 imeelezwa kana kwamba ilikwenda vilevile kila mkoa. Sasa humo darasani yupo binti wa Dodoma ambaye babu yake alihamishwa mapema zaidi, katika operesheni ya mwanzo wa miaka ya sabini, na yupo kijana wa Mtwara ambaye kijiji chao kilipangwa mpakani wakati wa vita vya Msumbiji. Wanaanza kusahihisha ukuta.

Kundi la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Limeambiwa litunge swali jipya ambalo jibu lile lisingepata hata C. Wanabishana nusu saa. Wanapendekeza: mtafute mtu aliyehamishwa, mhoji, linganisha simulizi lake na kitabu kimoja kilichopo maktaba, na ueleze vinapotofautiana na kwa nini. Mmoja anauliza, na asiye na mzee wa kumhoji? Wanaongeza kwamba anaweza kutumia nyaraka. Mwingine anasema programu iruhusiwe kwa kunukuu sauti na kusahihisha Kiingereza, lakini mwanafunzi aambatanishe alichoiuliza na ilichojibu. Wa nyuma kabisa, ambaye hajasema neno tangu asubuhi, anauliza: na wenye simu za vitufe? Hapo ndipo sera ya kozi inapoandikwa. Mhadhiri ametoka na swali bora kuliko lake, na darasa limejifunza mengi kuhusu marejeo ya kubuni kuliko semina yoyote ingewafundisha.

Najua pingamizi, kwa kuwa nimelisikia kila ninapolizungumza hili: ukimwuliza mwanafunzi, atachagua njia rahisi. Kumkabidhi kanuni za udanganyifu ni kumpa fisi bucha. Ninaliheshimu, kwa sababu limetoka kwa walimu waliochoka kudanganywa. Lakini linamchukulia mwanafunzi kana kwamba ni mmoja. Darasani wamo wengi, na anayeumizwa kwanza na udanganyifu ni jirani yake. Aliyekesha akapata sitini hapendi kumwona aliyenakili akipata sabini na tano. Katika kazi za vikundi, wale wawili wanaofanya kazi ya watu wanane wana hasira ambayo hakuna kamati ya nidhamu iliyo nayo. Waulize hao, utashangaa jinsi wanavyoweza kuwa wakali. Mara nyingine kazi ya mhadhiri itakuwa kuwapunguza makali. Na aliyeshiriki kutunga kanuni hana pa kujificha akisema hakuijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ushirikishwaji wa maonyesho. Unaitisha wanafunzi kumi, unawapa soda, unawasomea rasimu iliyokwisha, wanapiga makofi, mnapiga picha ya pamoja, unaandika kwenye ripoti kwamba wameshirikishwa. Hili linaua imani kuliko kutowaita. Tiba yake ni mambo ambayo yeyote anaweza kuyakagua. Je, waliitwa kabla ya rasimu? Je, kuna aya hata moja iliyobadilika kwa sababu yao, na inaonekana ni ipi? Je, walilipwa kwa saa zao, kama mtaalamu mshauri anavyolipwa? Je, kulikuwa na njia ya kusema bila jina, kwa sababu mwenye ukweli mzito ndiye mwenye cha kupoteza, na sapu, yaani mtihani wa kurudia, haisameheki kirahisi? Jibu likiwa hapana mara nne, tusiitumie tena ile picha ya pamoja.

Kuna mambo mawili ambayo wasimamizi huyasahau wasipokuwa na wanafunzi chumbani, na yote mawili yanagusa fedha. La kwanza ni bei. ChatGPT ya kulipia ilipoanza Februari 2023 ilikuwa dola 20 kwa mwezi, takriban shilingi 50,000 za Tanzania. Mwaka 2022 fedha za chakula na malazi za mwanafunzi anayefadhiliwa na Bodi ya Mikopo zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa bei hiyo toleo bora la programu lilikuwa sawa na siku tano za kula na kulala. Chuo kikisema akili unde ruksa na kuishia hapo, kimetangaza mashindano ambayo mtoto wa tajiri ameyashinda kabla ya kipenga. La pili ni lugha. Programu hizi hukata maneno vipande vidogo kabla ya kuyachakata, na zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza. Neno kama hawakutusaidia, ambalo kwetu ni sentensi nzima ndani ya neno moja, hukatwa vipande vingi kuliko neno la kawaida la Kiingereza, na vipande ndivyo vinavyohesabiwa na kulipiwa na wanaojenga huduma zao juu ya programu hizi. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua jinsi majibu yanavyolegea ngeli zinapoanza kuchanganyika. Ndiye wa kwanza wa kuulizwa kama programu fulani inafaa kufundishia Kiswahili au la, kabla chuo hakijasaini mkataba.

Mikataba hiyo inakuja, na kwingine imeshafika. Mfumo wa vyuo vya serikali vya California ulitangaza Februari 2025 kwamba unawapa ChatGPT wanafunzi wake zaidi ya 460,000. Siku kampuni itakapobisha hodi Dodoma au Eldoret na ofa ya namna hiyo, itafaa kuuliza maandishi ya wanafunzi yanahifadhiwa wapi na yanatumiwa kufanyia nini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Sheria zipo; mwenye taarifa ni mwanafunzi, na jina lake halimo kwenye meza ya manunuzi. Vijana wa Nairobi wameshaingia kwenye habari hii mara moja bila kuulizwa: Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba waliosoma na kuainisha maandishi machafu ili kuifundisha ChatGPT adabu walikuwa wafanyakazi wa huko, wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Wamewekwa upande wa kazi ya mashine hii. Wawekwe na upande wa maamuzi yake.

Kama idara moja itataka kuanza muhula ujao, haihitaji kusubiri mwongozo wa wizara. Muhtasari wa kozi hutolewa wiki ya kwanza. Katika ukurasa wa upimaji iachwe nafasi tupu chini ya kichwa cha akili unde, ijazwe darasani kwa mjadala wa kipindi kimoja, CR na mhadhiri watie saini. Baada ya jaribio la kwanza, karibu wiki ya saba, warudi kwenye ukurasa ule waseme nini kimeshindikana, na wasemao wawe pamoja na walioandika bila jina kwenye karatasi ndogo zilizokusanywa na CR. Nakala iende kwenye bodi ya idara kabla ya mitihani ya mwisho, na nyingine iwekwe kwenye faili la mtahini wa nje, ili naye anapokuja kusahihisha ajue darasa lilikubaliana nini na mwalimu wake.